Kombe na livawoti: binti yangu ameambiwa alinganishe, tuanzie wapi?

MamaKombe_Bagamoyo:

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni mama lishe, niko Bagamoyo. Asubuhi napika chai na vitumbua, jioni nauza kombe, wa kukaanga na wa nazi. Huu ni mwaka wa tisa. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na mwalimu wao wa baiolojia amewapa kazi ya likizo: kila mwanafunzi achague mnyama mmoja wa baharini na mmea mmoja usiotoa maua, aandike jinsi hao wawili wanavyoyategemea maji. Kurasa nne, kwa mkono, pamoja na michoro.

Mnyama hakumsumbua. Alisema kombe, kwa sababu amekua anawaona kwenye beseni langu. Mmea kauchagua kitabuni, unaitwa livawoti. Kitabu chenyewe ni nakala ya kudurufu, picha imefifia, inaonekana kama jani lililokanyagwa na pikipiki. Nimemuuliza huu mmea unakaa wapi, hajui. Nimemuuliza una harufu gani, unaliwa, unateleza? Hajui. Ananijibu, "Mama, nitakariri tu."

Hapo ndipo roho inaponiuma. Mimi niliishia darasa la saba, nilikariri mengi na hakuna lililobaki. Kombe namjua kwa sababu namshika kila siku. Nikimgonga na kisu najua huyu yu hai na huyu amekufa. Nataka binti yangu aujue huo mmea hivyohivyo.

Kwa hiyo naomba mnisaidie mambo mawili. Je, kuna kitu cha kulinganisha hapo kweli, au amechagua vitu visivyohusiana? Na je, huo mmea tunaweza kuupata huku pwani auone kwa macho yake? Natanguliza shukrani.

PCB_KidatoSita:

Mama, usiumize kichwa. Mwambie achore jedwali lenye safu mbili. Kombe: himaya ya wanyama, faila ya Moluska, ngeli ya Bivalvia, ana magamba mawili, hana kichwa, anakula kwa kuchuja maji, anapumua kwa matamvua. Livawoti: himaya ya mimea, kundi la briofaita (mimea midogo isiyo na maua wala mbegu), haina mizizi ya kweli, haina mishipa ya kupitisha maji, inajitengenezea chakula kwa usanisinuru, inazaliana kwa spora, yaani chembe ndogo sana za uzazi. Halafu chini yake aandike kuwa wote wanahitaji maji ili mbegu ya kiume ilifikie yai. Alama zote anapata.

Mkulima_Kinole:

Mama, huo mmea kwetu umejaa. Niko Kinole, ubavu wa mashariki wa milima ya Uluguru. Ukishuka mtoni kuchota maji, ukutani mwa kingo, pale penye kivuli na matone hayakauki, ndipo unapokaa. Sisi hatuna jina lake maalumu, tunasema ukoga tu, pamoja na kila kinachotelezesha mawe. Ni kijani kilichokolea, umelala chini kabisa kama mtu aliyelala kifudifudi, hauna shina. Ncha zake zinagawanyika mbilimbili, kila ncha inazaa pande mbili, zile mbili zinazaa nne. Mgongoni una vikombe vidogo sana, na ndani ya vikombe mna chembe za kijani, ndogo kuliko ufuta. Mvua kubwa ikipiga, kesho yake vile vikombe viko tupu. Niliviangalia sana nilipokuwa nachunga mfereji wa maji wa mzee wangu, nikawa najiuliza nani anazila.

Hauna harufu mbaya, ni ile ya udongo uliolowa. Hauliwi, na mbuzi hawaugusi.

Mzee_wa_Hadubini:

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu limegusa pande zote mbili za maisha yangu. Mimi ni mzaliwa wa Fumba, Unguja. Nilianza kumfuata bibi yangu pwani kuokota kombe kabla sijajua kuhesabu hadi kumi. Ukubwani nikawa fundi wa maabara Morogoro kwa miaka 27, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa kupanda Uluguru na wanafunzi, kushuka na mifuko ya mimea iliyolowa, na kuisafisha usiku kwa brashi ili asubuhi iwekwe chini ya hadubini. Niruhusu niandike kirefu.

Kijana wa kidato cha sita hajakosea hata mstari mmoja. Ila jedwali lake linaweza kumfanya binti aache swali la mwalimu. Mwalimu hakuuliza huyu ni nani na yule ni nani. Ameuliza kuhusu maji. Na kwa maji, binti amechagua vizuri kuliko anavyojua, kwa kuwa hawa wawili wanapatwa na jambo moja: wote wanaishi kwenye maji, na wote wanafikiwa na saa ambayo maji yanaondoka. Kombe akiona maji yanaondoka huyafungia ndani. Mmea huu huyaacha yaende.

Nianze na kombe, maana unamjua. Kama wako ni wale wenye gamba nene la matuta kama bati la paa, na ukiwapasua wanatoa maji mekundu, basi ni Anadara antiquata. Ile nyekundu ni damu yenyewe. Chaza na ndugu zake wengi damu yao haina rangi, lakini huyu ana himoglobini, ileile inayobeba hewa kwenye damu yako na yangu. Anaihitaji kwa sababu anakaa amezama kwenye tope na majani ya bahari, mahali ambapo oksijeni ni haba.

Sasa ile kazi yako ya kumgonga na kisu. Kwenye bawaba ya magamba mawili kuna ukano unaonyumbuka, na wenyewe siku zote unasukuma magamba yafunguke. Kinachoyafunga ni misuli miwili iliyo ndani. Ndiyo maana kombe aliyekufa anaachama: misuli imeachia, ukano umeshinda. Aliye hai ukimgonga anabana. Na misuli ile ina sehemu mbili, moja ya kubana haraka, nyingine ya kushikilia kwa muda mrefu bila kutumia nguvu nyingi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali na jua linawaka, kombe hujifunga na kubaki na maji ya chumvi ndani ya gamba. Hapumui kama kawaida, anaishi kwa akiba, na asidi inayojikusanya mwilini mwake anaipunguza makali kwa chokaa ya gamba lake mwenyewe. Analiyeyusha kidogo ukuta wa nyumba yake ili avuke mchana. Hilo nililisoma nikiwa mtu mzima, na nilimkumbuka bibi.

Bibi yangu hakuwatafuta kombe kwa macho. Aliwatafuta kwa nyayo. Alikuwa anatembea polepole kwenye tope lenye majani, na unyayo ukikuta tuta gumu la gamba, anainama. Wale wasiofika upana wa vidole viwili aliwarudisha, na hakuwatupa: aliwalaza kwenye tope mdomo ukiangalia juu, akawafukia kidogo kwa kisigino. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, akanijibu kuwa kombe aliyetupwa kifudifudi anapoteza siku nzima kujigeuza. Miaka ya karibuni kina mama wa Fumba na Bweleo wamekubaliana kuziacha sehemu za pwani zisiokotwe kabisa ili kombe wakue. Bibi angewaunga mkono siku ya kwanza.

Sasa huo mmea. Jina lake la Kiingereza maana yake ni mmea wa ini. Waganga wa Ulaya ya zamani walishika kwamba mmea uliofanana na kiungo cha mwili huponya kiungo hicho, na huu, kwa kuwa umelala kama pande la ini lililokatwa, wakaupa wagonjwa wa ini. Haukuwaponya, jina likabaki. Mmea hauna ini wala kitu kinachofanya kazi ya ini. Mwenye kitu kama hicho ni kombe: ile sehemu laini ya kijani-kahawia unayoiona tumboni mwake unapompasua ni tezi inayomeng'enya chakula chake. Binti aichore, ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba jina na umbile havilingani.

Na hapo Kiswahili kina la kusema. Ndugu yetu wa Kinole ametaja vile vikombe vya mgongoni. Kikombe ni kombe dogo, neno ni lilelile. Kwa hiyo binti yako ana kombe baharini na vikombe vidogo juu ya mmea wa mlimani. Tena vinafanya kazi kinyume. Kombe anajifunga ili asipoteze tone. Kikombe cha livawoti kiko wazi siku zote, kinangoja tone liingie. Ndugu wa Kinole, hakuna anayezila zile chembe. Kila chembe ni mche mzima ulio tayari. Tone la mvua likianguka ndani ya kikombe linazirusha mbali na mama yao, na zikitua kwenye udongo mbichi zinaanza kuota. Hakuna baba wala mama katika kuzaliana huko, ni mmea uleule umejigawa. Wewe ulikuwa unachunga kitalu bila kujua.

Lakini livawoti ina njia ya pili, na hapa ndipo inapokutana na kombe uso kwa uso. Ile ya Kinole naamini ni jamii ya Marchantia. Mimea yake ina jike na dume, kila mmoja peke yake. Dume anainua kijiti chenye kisahani juu. Jike anainua kijiti chenye kitu kama mwavuli uliobaki njiti tupu. Mvua ikinyesha, mbegu za kiume zinatoka kwenye kisahani zikiwa na mikia miwili, zinaogelea. Mmea, mama, una mbegu zinazoogelea! Nilipowaonyesha wanafunzi jambo hilo kwenye hadubini kwa mara ya kwanza, chumba kizima kilikaa kimya. Zinabebwa na matone, zinaogelea kwenye utando mwembamba wa maji mpaka zilifikie yai. Siku kavu hakuna harusi.

Kombe naye anamwaga mbegu au mayai moja kwa moja baharini, na vinakutana humo. Tofauti ni ukubwa wa maji. Kombe ana bahari nzima, kwa hiyo anatoa mayai kwa mamilioni na mengi yanapotea. Mtoto wake anaelea majuma mawili au matatu kabla hajatua chini na kuwa kombe mdogo. Livawoti ina tone tu, kwa hiyo yai halitoki kabisa, linabaki kwa mama. Na likisharutubishwa, mtoto anayekua anaendelea kunyonya kutoka kwa mama yake hadi anapokomaa na kumwaga spora.

Kuna jambo moja aliandike taratibu, kwa sababu wanafunzi wengi hulikosea kwenye mtihani. Kombe unayemwona ana seti mbili za kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe hai, moja ya baba na moja ya mama, kama sisi. Chaza wa Pasifiki, ambaye wanasayansi walisoma jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, na kuichapisha mwaka 2012, ana kromosomu 20, yaani jozi kumi. Livawoti unayoiona kwenye jiwe ina seti moja tu. Marchantia polymorpha, iliyosomwa jenomu yake na kuchapishwa mwaka 2017, ina kromosomu tisa. Mwili wote ule wa kijani unaishi maisha yake yote na nusu ya kile ambacho mnyama anakihitaji. Sehemu yenye seti mbili ni yule mtoto mdogo anayening'inia chini ya mwavuli.

Na sasa maji kuondoka. Livawoti haina gamba, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba inanywa maji kwa mwili mzima. Vile vinyweleo vya chini si mizizi, kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea. Marchantia ina matundu mgongoni, ukiyaangalia kwa lenzi ni kama pipa dogo kila moja, hewa inapitia humo kuingia kwenye vyumba vya ndani. Majani ya muhindi yakiona kiu yanafunga matundu yake. Haya ya Marchantia hayana uwezo wa kujifunga sawasawa. Kwa hiyo jua likiwaka, inakauka. Marchantia yenyewe haivumilii sana, ndiyo maana inang'ang'ania kivuli cha mto. Lakini ndugu zake, kama Riccia na Plagiochasma, wanajikunja kingo, upande wa chini wenye rangi nyeusi au zambarau unakuja juu, na wanakaa hivyo kama takataka. Mvua ya kwanza ikidondoka wanafunguka. Kombe hawezi hilo. Kombe akikauka ndani, amekufa, hakuna mvua ya kumrudisha.

Kwenye maabara moja niliyofanyia kazi tulipata hasara ambayo ilinifunza kuliko kitabu. Tulikuwa na trei za livawoti upande mmoja wa chumba, na upande wa pili matangi ya maji ya bahari. Mtu alichukua dumu lisilo lake akanyunyizia trei zote maji ya chumvi. Siku ya pili zilikuwa zimelegea, siku ya nne ni nyeusi. Chumvi iliyonyonya maji nje ya ngozi ile nyembamba haikuacha kitu. Nami nimeshuhudia kombe waliowekwa kwenye ndoo ya maji ya bomba: walijifunga, wakakaa, na walipolazimika kufungua hawakubana tena, kwa sababu mwili wa kombe una chumvi sawa na bahari, na maji matamu yanaingia kwenye chembe hai zake na kuzivimbisha. Kila mmoja anakufa kwa maji ya mwenzake.

Hapo binti anaweza kuweka mpaka. Hakuna livawoti inayoishi baharini, na hakuna mnyama wa jamii ya kombe anayeishi nchi kavu. Wanapokutana ni kwenye maji matamu. Ziwa Victoria na Tanganyika yana jamii za kombe, na ziko livawoti zinazoelea kwenye maji yaliyotulia, kama Ricciocarpos natans.

Na huko kwako Bagamoyo kuna kitu kinachowaunganisha, sijui kama umewahi kukifikiria. Mto Ruvu unaomwaga maji baharini karibu na nyumbani kwako unaanzia Uluguru, kwa kina ndugu wa Kinole. Kuna mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro na kupanda milima ile mara nyingi. Mwaka 1980 alichapisha vipimo vyake vya mimea inayoota juu ya miti ya misitu ya Uluguru na jinsi inavyoyashika maji. Sehemu kubwa ya mimea hiyo kule juu ni livawoti na mosi, mimea midogo iliyo ndugu zake, zinafunika matawi mpaka hulioni gome. Mimi nilipanda kilele cha Bondwa, juu ya mita elfu mbili, asubuhi ya ukungu. Nikachukua konzi moja kutoka kwenye tawi nikaikamua kama unavyokamua nazi. Maji yalitiririka mpaka kwenye kiwiko, na mvua haikuwa imenyesha. Yalikuwa maji ya ukungu. Msitu unayaachia taratibu, yanaingia vijitoni, vijito vinaingia Ruvu, Ruvu inainywesha Dar es Salaam na kinachobaki kinafika kwa kombe wako.

Kwa hiyo ukikata msitu kule, sponji imeondoka, mvua inashuka kwa kasi na udongo. Kombe anachuja maji ili ale vijimea vinavyoelea. Chaza wa pwani ya mashariki ya Marekani, Crassostrea virginica, mmoja mkubwa akiwa katika hali nzuri anaweza kuchuja hadi lita 190 hivi kwa siku. Mto ukimletea tope tupu, anachuja tope. Ukimletea maji ya choo, anayabakiza mwilini na kumpa mlaji, na risasi na zebaki vilevile. Hapo na wewe jihadhari: uliza kombe wako wameokotwa wapi, waliotoka karibu na mitaro usiwanunue. Livawoti nayo, kwa ngozi yake isiyozuia kitu, inakusanya metali kutoka hewani na kwenye udongo. Wanasayansi wamewatumia wote wawili kupima uchafu, kombe na jamaa zake kwa bahari, mosi na livawoti kwa nchi kavu.

Mwisho, kuuona. Marchantia usiitafute Bagamoyo, utachoka. Tafuta Riccia. Masika hii, nenda penye udongo mtupu uliolowa, kando ya bomba, pembeni mwa njia ya miguu, kwenye viriba vya miche. Ni duara dogo la kijani lililolala chini, upana wa sarafu, limegawanyika mbilimbili kama alivyoeleza ndugu wa Kinole. Na kombe mfanyie hivi: mabeseni mawili ya maji ya bahari, tia tope kidogo sawa kwa sawa, moja weka kombe kumi walio hai, moja usiweke kitu. Mkae mtazame.

Mkulima_Kinole:

Mzee wangu, nashukuru. Nina miaka 41 na leo ndiyo najua zile chembe zinaenda wapi. Kesho nikienda mtoni nitapita na mwanangu.

Na la msitu ni kweli tupu. Mfereji wa mzee wangu zamani haukukauka hata Oktoba. Juu yetu walipofungua mashamba, sasa Septemba tu tunachota kwa zamu.

MamaKombe_Bagamoyo:

Shikamoo mzee. Nimechelewa kurudi, zimepita siku nane, lakini sikutaka kurudi mikono mitupu.

Huo mmea tumeupata. Nyuma ya bomba la jirani, ukutani mwa mtaro mdogo, yako matatu. Upana kama sarafu ya shilingi mia. Binti kalichimbua moja na udongo wake kwa kijiko, kaliweka kwenye kifuniko cha ndoo juani. Jioni lilikuwa limejikunja, kingo zimekuja juu, halafu kweli chini lina rangi kama ya zambarau. Ungeliona ungelifagia. Nikamwambia litie maji kwa kidole. Alishika simu akihesabu. Dakika ya tatu kingo zilianza kushuka, na kufikia dakika ya kumi na moja lilikuwa limelala kama mwanzo. Alipiga kelele mpaka wateja wangu wakasimama.

Mabeseni tuliyaweka saa mbili asubuhi. Kombe walikaa wamejifunga karibu nusu saa, kisha mmoja mmoja akafungua kidogo, upana wa ukucha. Mimi miaka tisa sijawahi kuwaona wakifungua wenyewe, kwa sababu mimi nawafungua kwa moto. Saa sita mchana beseni la kombe niliona maua yaliyochorwa chini yake. La pili lilikuwa bado kama chai ya maziwa.

Lakini pembeni ya kila kombe kuna uchafu umejikusanya, kama makamasi yaliyochanganyika na tope, umelala kwa nyuzinyuzi. Binti anasema ni kinyesi. Mimi nadhani wameugua. Nani yuko sahihi? Anataka kuuchora.

Mzee_wa_Hadubini:

Marahaba mwanangu. Hakuna aliye sahihi, na mmeona kitu ambacho wanafunzi wengi wa chuo wanakipita.

Si kinyesi, maana hakijapita tumboni. Matamvua ya kombe yamejaa vinyweleo vinavyopiga kasia muda wote, yanavuta maji na kunasa kila kinachoelea. Kisha anachagua. Vijimea vinapelekwa mdomoni. Tope na kingine kisichofaa anakizungushia ute na kukisukuma nje, ndiyo hizo nyuzi. Kwa hiyo maji hayakusafika kwa sababu kombe wamekula tope lote. Wamelifunga na kulitua chini. Baharini nyuzi hizo zinalisha minyoo na majani ya bahari yaliyo karibu nao. Mlivyowatilia tope jingi, nyuzi zimekuwa nyingi. Hawajaugua.

Achore kama alivyoliona, na aandike saa pembeni ya kila mchoro, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Zile dakika tatu na kumi na moja za mmea aziweke vilevile kama alivyozihesabu, asizibadilishe zilingane na kitabu chochote. Lile lililochimbuliwa mlirudishe kwenye mtaro na udongo wake, kijiko kimoja cha maji kinalitosha.

Na hao kombe kumi, kama bado wanabana ukiwagonga, usiwapike. Wamekaa kwenye maji ya beseni muda mrefu. Maji ya jioni yakikupwa mpeleke binti akawarudishe kwenye tope, awalaze mdomo juu.

MamaKombe_Bagamoyo:

Tisa wamebana. Tunatoka sasa hivi, maji yanakupwa saa kumi na moja.